Waliofika Getini Wakarudi

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa blanketi, saa ya ukutani na dakika tano za kuzungumza. Blanketi nalitumia, saa imetundikwa sebuleni, lakini dakika tano hazikunitosha kusema lolote la maana, kwa hiyo nikashukuru, nikaketi, tukala. Tangu hapo Moraa, aliyerithi chumba changu cha plasta, ameniuliza mara tatu kwa simu: "Mzee, ile hadithi ya mama wa Masimba ilikuwaje hasa?" Nimeona niiandike mara moja, pamoja na mambo yaliyoitangulia, ili msome nyote mnaofunga plasta na mnaowaandikia watu tarehe za kurudi. Habari za vyeo nitaziacha. Nilipandishwa mara mbili katika miaka yote hiyo, na mara zote mbili nilibaki katika chumba kilekile, na ndoo ileile.

Sikuichagua plasta. Nilipoajiriwa hospitalini niliambiwa kuna nafasi mbili, mochari na chumba cha plasta, na mama yangu akaikataa ile ya kwanza kabla sijafungua mdomo. Asubuhi ya kwanza nilimkuta Bwana Odhiambo, fundi wa plasta, mtu wa upande wa ziwa aliyekuwa amekaa Kisii hadi Kikisii chake kikawa kizuri kuliko cha vijana wengi wa mjini. Hakunitazama uso. Alinitazama mikono, pande zote mbili, kama mtu anayenunua jembe, kisha akaniuliza kama kwetu kuna migomba. Nikamwambia hakuna kitu kingine.

"Basi kesho njoo na kipande cha mgomba, urefu wa mkono wako."

Kwa wiki mbili sikumgusa mgonjwa. Nilifunga mgomba, nikaufungua, nikaufunga tena. Nilijifunza kupima maji kwa kiwiko, kwa sababu vidole vya fundi hudanganya: vimezoea. Maji yakiwa moto sana plasta inakauka mkononi mwako kabla hujafika popote. Yakiwa baridi, mgonjwa atakaa hadi saa ya chakula akikuangalia. Nilijifunza kubana bandeji ndani ya maji hadi mapovu yaishe, na kuisukuma juu ya mguu bila kuivuta, maana ukivuta unamfunga mtu kamba. Wiki ya tatu Bwana Odhiambo akakunja shati, akaweka mkono wake wa kushoto mezani, akashika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia.

"Sasa nifunge mimi."

Nilipomaliza alikaa nayo nusu saa nzima, kisha akanionyesha kwa kidole. "Hapa umenibana. Hapa umeniachia. Na hapa sijui ulikuwa unafikiria nini."

Wateja wetu wa siku hizo walikuwa watoto walioanguka kutoka kwenye miparachichi na akina mama walioteleza kwenye tope la shambani. Baadaye bodaboda zilikuja, na kazi ikaongezeka bila sisi kuitangaza. Mkono uliovunjika hauna shida ya tarehe. Ukimwambia mtu arudi baada ya wiki sita, atarudi, kwa sababu plasta inawasha na anataka imtoke. Shida ya tarehe tuliijua tulipofungua kliniki ya miguu.

Kila mwaka huzaliwa watoto wenye nyayo zilizopinda kuelekea ndani, wakati mwingine mguu mmoja, wakati mwingine yote miwili, kiasi kwamba mtoto angesimama angekanyagia ubavu wa mguu. Zamani tuliwaambia wazazi wasubiri mtoto akue apasuliwe, na wengi walisubiri hadi mtoto akazoea kutembea hivyo. Kisha Bwana Odhiambo alipelekwa kwenye mafunzo, akarudi na njia nyingine. Kila wiki unaukunjua unyayo kidogo kwa mikono, polepole, mtoto akinyonya, halafu unafunga plasta kuanzia vidoleni hadi pajani. Wiki ijayo unaifungua, unakunjua kidogo tena, unafunga. Baada ya plasta tano au sita unyayo unatazama mbele. Daktari anakata kidogo mshipa wa nyuma ya kisigino, mtoto anafungwa plasta ya mwisho, kisha anavalishwa viatu viwili vilivyounganishwa na kipande cha chuma. Miezi ya kwanza anavivaa mchana na usiku, halafu anavivaa akilala tu hadi afike miaka minne. Akina mama waliviita pikipiki, kwa kuwa mtoto akivivaa hukunja magoti kama aliyepanda.

Mara ya kwanza kuona mguu wa mtoto ukinyooka hivyo, wiki baada ya wiki, chini ya mikono ya Bwana Odhiambo, nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu Rebeka kwamba sitaomba kuhamishwa tena. Alishangaa. Hakuwa amejua kwamba nilikuwa nimeomba.

Lakini njia hiyo ina sharti moja: mtoto aletwe. Ukikosa wiki moja, unyayo unaanza kurudi ulikotoka. Na mtoto mchanga anakua, plasta haikui. Kwa hiyo Bwana Odhiambo aliweka rejista kubwa nyeusi na kalamu nyekundu. Aliyekosa Jumanne yake, siku ya kliniki, alizungushiwa duara jekundu. Na akirudi Jumanne iliyofuata, Bwana Odhiambo alimsimamisha mbele ya benchi, mbele ya akina mama wote wenye watoto mapajani.

"Hebu waambie wenzako ulikuwa wapi."

Mama alisema alilosema, wengine walicheka, na Bwana Odhiambo alihubiri kidogo kuhusu uzembe. Nilimwona kama mwalimu mkali anayependa wanafunzi wake, na kweli aliwapenda. Nimemwona akimfuta kamasi mtoto wa mtu kwa leso yake mwenyewe. Alipostaafu akarudi kwao, nilichukua kila kitu chake: namna ya kushika kisigino, namna ya kufungua plasta kwa kuilowesha maji badala ya kumtisha mtoto kwa msumeno, rejista, kalamu nyekundu, na ile hotuba. Hotuba niliiongeza urefu. Akina mama waliniita daktari. Nilijaribu kuwasahihisha kwa mwaka mmoja hivi, kisha nikachoka, na nafikiri lile jina liliniharibu kidogo.

Sasa nifike kwa mama wa Masimba.

Aliitwa Kemunto, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, na Enock alikuwa mtoto wake wa kwanza, nyayo zote mbili zimepinda. Walikuja akiwa na wiki tatu. Mguu wa mtoto wa umri huo ni laini kama unga uliokandwa, na hao ndio watoto ambao fundi huomba awapate. Plasta ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila kitu kilikwenda vizuri. Kemunto alikuwa na tabia ya kuniangalia mikono bila kupepesa. Nilidhani ni woga.

Jumanne ya nne hakuja. Nikachora duara. Jumanne ya tano akaja, akaketi mwisho wa benchi, na nilipomwita nikamsimamisha.

"Hebu waambie wenzako ulikuwa wapi."

Alimrekebisha Enock begani.

"Mama Enock, nakuuliza. Sisi hapa tunacheza? Mtoto akitembea na ubavu wa mguu utamwambia ni kwa sababu gani?"

Mtu mmoja alicheka. Kemunto aliangalia sakafu. Nikaendelea, maana nilikuwa nimezoea kuendelea hadi mama ajitetee au aombe msamaha, na huyu hakufanya lolote kati ya hayo. Mwishowe nikachoka mimi. Nikamfungua Enock, nikazikunjua nyayo zilizokuwa zimeanza kurudi, nikafunga plasta ya nne, nikaandika tarehe kwenye kadi. Alisema asante. Nakumbuka kwamba alisema asante.

Jumanne iliyofuata hakuja. Nyingine hakuja. Ya tatu, nilipofungua rejista nikaona maduara mawili mapya yakingoja la tatu, nilishtuka kwa jambo ambalo lilipaswa kunishtua mapema. Mtoto wa umri ule alikuwa ndani ya plasta kwa wiki tatu. Mguu unanenepa ndani ya kitu kigumu. Kinachofuata mnakijua: vidole vinavimba, vinageuka rangi, na baada ya hapo hakuna fundi anayeweza kusaidia.

Namba iliyokuwa kwenye rejista ilikuwa ya mume wake, aliyefanya kazi Nairobi. Alipokea simu kwenye kelele za mitambo.

"Kemunto? Ako nyumbani. Mimi nilimwambia aende kliniki. Hajaenda?"

"Hajaenda wiki tatu."

"Ai. Yeye ananiambia anaenda."

Jumamosi, Sabato yetu, nilikuwa kanisani na sikusikia mahubiri. Jumapili nilishuka stendi ya Masimba, nikampata Mama Josephine, mhudumu wa afya wa kijiji aliyezijua nyumba zote za upande ule, tukapanda kilima kwa miguu katikati ya mashamba ya majani chai. Njiani aliniambia yule msichana ana bidii sana, na kwamba mama mkwe wake alivunjika mkono msimu wa mvua akafungwa plasta na mtu wa soko, mkono ukaungana vibaya. Mimi nilikuwa nafikiria vidole vya Enock.

Tulipofika Kemunto alikuwa akianua nguo. Aliniona, akaacha nguo moja ikining'inia kwa kibanio kimoja, akaingia jikoni. Mama mkwe wake alitoka nyumba kubwa, mkono wa kulia umepinda juu ya kifundo, akatusalimu, akatupa viti. Kisha akaniangalia kwa makini.

"Wewe ndio ule daktari wa kelele?"

Mama Josephine alikohoa. Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Karibu. Ndizi inaiva."

Niliomba kumwona mtoto. Kemunto alimleta, akampakata, akamfunua miguu bila kuniangalia. Plasta haikuwepo. Ngozi ilikuwa safi, vidole vyekundu na vyenye uhai, bila jeraha hata moja. Nilibonyeza kidole gumba cha mguu, kikawa cheupe, kikarudi kuwa chekundu upesi, na mimi nikaanza kupumua. Nyayo zenyewe zilikuwa zimerudi ndani, karibu zilipoanzia.

"Nani alitoa plasta?"

"Ni mimi."

"Kwa nini? Kwa kisu?"

"Kwa maji. Niliweka beseni, nikamlowesha kutoka asubuhi, nikatafuta ile mwisho ya bandeji, nikafungua pole pole. Vile wewe unafanya." Alionyesha kamba kwa kidevu. Kati ya nguo za mtoto zilining'inia bandeji zangu, zimefuliwa, nyeupe, zimenyooshwa vizuri. "Nilionaga vidole inaanza kuvimba. Nikajua itamuumiza."

Nimefundisha vijana wengi kufungua plasta ya mtoto kwa maji, na wengine bado wananitia wasiwasi. Yeye alijifunza kwa kuangalia mara tatu.

"Sasa kama ulijua hivyo vyote, Mama Enock," nikasema, na nikajisikia sauti ikianza kupanda, nikaishusha, "kwa nini hukumleta?"

Alimfunika mtoto miguu. Mama mkwe akamwambia kitu kwa Kikisii, kwamba aseme tu, mgeni ameshakalia kiti.

"Nilikuja," akasema Kemunto. "Nilikuja mara mbili. Ile Jumanne ya kwanza nikafika mpaka kwa geti. Nikaona benchi imejaa. Nikasikia wewe unauliza mama mwingine alikuwa wapi. Nikarudi. Ile ingine nikafika tena hapo, nikakaa nje na mtoto mpaka saa sita, nikianza kuingia miguu inakataa. Nikasema wacha nitoe plasta isimuumize, halafu nitafikiria."

"Na ile Jumanne ya mwanzo kabisa? Uliyokosa?"

Hapo aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Jumanne ndio lori inakuja kuchukua majani. Mama hawezi kuchuna na huo mkono. Nikienda kliniki, majani inalala. Hiyo siku nilifikiri nikimaliza mapema nitawahi. Sikuwahi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza mbele ya watu."

Ndizi zikaletwa. Nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa tusi la pili. Nimewaambia watu pole maelfu ya mara. Ni neno la kazi, linatoka lenyewe kama jasho. Kuomba msamaha ni kitu kingine, hasa kwa mwanamume wa umri wangu mbele ya msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu, na mama mkwe wake anasikia. Niliweka sahani chini.

"Nilikukosea," nikamwambia. "Nisamehe."

Mama mkwe ndiye aliyejibu, akiokota maganda. "Basi sasa muambie siku ingine."

Nikauliza lori haliji siku gani. Wakashauriana. Alhamisi. Nikasema Alhamisi basi, aje, asiketi benchini, aje moja kwa moja mlangoni kwangu. Kushuka kilima, tulipoona barabara, Mama Josephine akasema, "Daktari, kuna wengine wawili huku juu na watoto wa plasta. Wao pia walipotea." Akanitajia majina. Yote mawili yalikuwa na duara.

Msimamizi wa wagonjwa wa nje wakati huo alikuwa Sista Nyaboke, ambaye wengi wenu mlimkuta. Jumatatu nilimwomba ruhusa ya kufungua kliniki Alhamisi.

"Ya watoto wangapi?"

"Mmoja. Labda watatu."

"Ombui, unataka niwashe jiko la maji moto kwa mtoto mmoja?"

Nikamsimulia yote, hata ndizi. Alinisikiliza, akavua miwani, akaipangusa. "Mimi nimekuwa nikisikia ile hotuba yako kutoka ofisini miaka yote hii," akasema. "Nilidhani wewe unajua inasaidia." Akatia sahihi.

Alhamisi Kemunto alikuja. Hakuwa peke yake: alikuja na wale wengine wawili, wamejipanga nyuma yake kama wanaoingia kwa mkuu wa shule. Tulianza upya, plasta ya kwanza. Nilikuwa nimeiacha ile rejista nyeusi kabatini na kununua daftari la kawaida. Sikuuliza aliyekosa alikuwa wapi. Niliuliza siku gani ni rahisi, na nani mwingine nyumbani anaweza kumleta mtoto. Ajabu ni kwamba ukiuliza hivyo, habari ya alikokuwa inakuja yenyewe. Wa upande wa majani chai walinitajia siku za lori. Wa Keumbu walitaja siku ya soko, kwa sababu wanauza. Mama mmoja kutoka Nyamarambe aliniambia umbali wa kwao hadi barabarani na mtoto mwenye plasta mbili mgongoni, nikaona aibu kwamba nilikuwa nikimpangia saa mbili asubuhi.

Sista Nyaboke akatupatia simu ya kliniki, tuwapigie watu siku moja kabla. Nilianza mimi, na nilianza vibaya. Mama wa kwanza nilimpigia hivi: "Hapa ni hospitali. Kesho ni siku yako. Usikose." Akakata. Wa pili simu ilipokelewa na mume.

"Wewe ni nani unapigia bibi yangu jioni?"

"Ni mtu wa plasta."

"Plasta gani? Nyumba yetu ni ya udongo."

Sista Nyaboke alikuwa mlangoni, anacheka hadi ameshika ukuta. Akaninyang'anya simu. "Unaita watu kama polisi. Uliza mtoto kwanza. Uliza vidole. Halafu sema kesho." Akampigia yuleyule aliyekata. "Mama Faith, habari ya nyumbani? Faith analala vizuri na ile plasta? Vidole viko sawa? Haya, tutawaona kesho, eh? Kama kuna shida niambie sasa tupange." Mama Faith alikuwa na shida, ndiyo, ilikuwa ya matanga kwa jirani, wakapanga Ijumaa. Tangu siku hiyo Sista alipiga simu na mimi nikafunga plasta, kila mtu kwa kipaji chake. Tukaanza pia kuandika namba mbili, ya nyumbani na ya jirani, kwa sababu simu ya mume aliye Nairobi ni kama simu ya mtu aliye mwezini.

Sitawadanganya kwamba walirudi wote. Kulikuwa na mvulana mmoja wa upande wa Nyamira, tulikuwa tumemaliza plasta na kumpa pikipiki, na wazazi wake wakahama. Tulipiga namba zote mbili. Mama Josephine aliulizia hadi kwa wajomba. Sikumwona tena, na mtoto asiyevaa viatu vile nyayo zake hurudi. Bado humfikiria nikiona mtoto wa umri ambao angekuwa nao sasa. Na kulikuwa na akina mama walioniambia waziwazi wamechoka, na nikajifunza kuwaacha wachoke kwa wiki moja bila kuwahubiria, nikiwapigia tena wiki inayofuata.

Tangu tuanze upya Enock alihitaji plasta saba badala ya tano, kwa sababu ya zile wiki zilizopotea. Hizo mbili za ziada ni zangu. Mshipa ukakatwa, viatu vikavaliwa, na mlinzi mkuu wa viatu akawa mama mkwe, kwa ule mkono wake uliopinda. Kemunto aliniambia bibi huyo hakuruhusu mtoto alale bila pikipiki hata akilia namna gani. Alimwimbia na kumfunga kamba za viatu kwa meno na mkono mmoja. Siku Enock alipotimiza miaka minne walikuja wote watatu. Niliwaambia viatu vimetosha. Unyayo wa kushoto ulikuwa mdogo kidogo kuliko wa kulia, na utabaki hivyo. Anayejua ataona, asiyejua hataona. Nilimwomba Enock atembee hadi mlangoni na kurudi. Alitembea hadi mlangoni, akaona ukumbi mrefu mtupu mbele yake, akakimbia. Sista Nyaboke alimpigia kelele kwamba hospitalini hakukimbiwi. Mimi na Kemunto tulisimama tukisikiliza miguu yake ikigonga saruji, yote miwili kwa sauti moja, na hakuna kati yetu aliyemwita arudi.

Kemunto aliendelea kuja kwa muda, bila mtoto, Alhamisi ambazo kazi ya shamba ilimruhusu. Aliketi benchini na akina mama wapya. Sijui aliwaambia nini kuhusu mimi. Ninajua tu kwamba waliingia bila kutetemeka.

Miaka yangu ya mwisho nilifanya kazi na Moraa. Alikuja na tarakilishi inayotuma ujumbe yenyewe, na nilimwambia mashine haiwezi kumuuliza mtu habari ya vidole. Nilikosea kwa sehemu. Ilikuwa nzuri, ila miezi ya kwanza ilituma Kiingereza, na bibi mmoja akaja na simu mkononi akitaka kujua ni nani aliyekufa. Moraa akabadilisha maneno yakawa ya Kiswahili na Kikisii, na kwa wasiojibu bado anapiga mwenyewe. Mikono yake ni bora kuliko yangu. Namwambia hapa kwa sababu ana kwa ana atajifanya hakusikia.

Nimalize na jambo la mwezi uliopita, ambalo sijawaambia. Siku hizi nina presha, na nina kliniki yangu karibu na nyumbani, na kadi yangu yenye tarehe. Tarehe moja ilinikuta kwenye makambi ya kanisa; nikasema nitaenda wiki ijayo. Wiki ijayo ilifika nikasema watauliza nilikuwa wapi. Dawa zikaisha. Rebeka aliniona asubuhi moja nimevaa koti, nikavua, nikavaa.

"Unaenda au huendi?"

"Natafuta kadi."

"Kadi iko mkononi."

Saa hiyo simu ikalia. Sauti ya kijana wa kike, ya upole. "Mzee Ombui? Hamjambo nyumbani? Hatujakuona, tukasema tuulize kama uko mzima."

Njia nzima nilitunga maelezo. Niliweka makambi mwanzoni, mvua katikati, na goti mwishoni, na yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Nilikaa benchini kati ya mama mwenye kikapu na mzee mwenzangu aliyesinzia. Nilipoitwa nikaingia, nikasimama mbele ya yule nesi, ambaye hata hakuwa amezaliwa nilipofunga mgomba wangu wa kwanza, nikasafisha koo.

"Sista, kuhusu ile tarehe, unajua kulikuwa na..."

"Karibu, mzee. Kaa hapa. Kunja shati."

Nikakunja. Akanizungushia kitambaa mkononi, akaingiza vidole viwili kuhakikisha hakijabana, jinsi inavyotakiwa. Nikafungua mdomo tena, maana nilikuwa bado na mvua na goti.

"Usiongee kidogo, mzee," akasema. "Mashine inahesabu."

Nikanyamaza, nikamwachia mkono.